Mjengo Umenunua, Sasa Usikimbilie Rangi

Wadau, kuna mtindo umeshika kasi mitandaoni. Staa ananunua nyumba, na wiki hiyo hiyo anapandisha video: sebule nyeupe pee, taa za dari zinawaka, kuta laini kama kioo. Jina silitaji, maana wala si mmoja. Komenti ni "hongera bosi" mwanzo mwisho. Hongera hata mimi natoa, ila nina swali: chini ya hiyo rangi kuna nini?

Nauliza kwa sababu mtindo huu haujaishia Dar. Upo hadi huku Igawa, kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma. Kijana kavuna mpunga vizuri, au biashara ya barabarani imekaa sawa, ananunua nyumba iliyokwisha kujengwa. Siku ya pili tu fundi rangi yuko ndani. Nyufa zinapakwa puti, msasa unapita, rola mara mbili, jioni picha. Mvua zinaanza, ufa unarudi pale pale, na chini ya dirisha rangi imevimba kama lengelenge. Hela imeenda, na picha ilishapata like zake.

Msimamo wangu ni huu: hela ya kwanza kwenye nyumba uliyonunua itumike kutafuta ugonjwa wa ukuta. Rangi ije mwisho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba walisema, kupaka rangi juu ya ufa hawakusema.

Nyufa zenyewe hazifanani. Zile nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye lipu, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka ikasinyaa. Hizo hazina noma. Ufa wa kuogopa ni ule unaotoka kona ya dirisha au mlango ukakata ukuta mshazari, hasa ukiwa mpana na unaonekana mpaka nje. Huo unaweza kukwambia kwamba msingi unacheza au linta ina shida. Sehemu za bonde la Usangu zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi. Nyumba iliyokaa juu yake bila msingi wa maana inapanda na kushuka nayo. Kwa hiyo kabla ya kuyalaumu malori ya Tunduma, angalia kwanza maji ya mvua kutoka bati lako yanaishia wapi. Yakimwagika kwenye msingi, mchawi umeshampata.

Kipimo hakina gharama. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, kisha subiri wiki kadhaa, ikiwezekana mvua zikiwepo. Ufa ukivuka alama, muite fundi ujenzi, fundi rangi asubiri. Halafu gonga ukuta kwa vidole. Ukisikia sauti ya utupu, lipu imeachia tofali. Hapo puti haisaidii kitu: toa lipu mbovu yote, piga mpya, uiache ikauke kama wiki nne ndipo uwaze rangi.

Unga mweupe unaotoka ukutani nao usiufute kwa kitambaa kibichi. Ni chumvi inayoletwa na maji yanayopanda kutoka chini kupitia tofali. Ukiuosha, unairudisha ndani. Isugue kwa brashi kavu, kisha shughulika na yale maji. Na usikubali ushauri wa "paka rangi ya mafuta, itaziba". Unyevu uliofungiwa ndani utaitafuta njia, na njia yake ni kuibandua rangi yako.

Ufa mdogo uliotulia ndio wa kutengeneza mwenyewe. Upanue kidogo kwa ncha ya skrepa ili puti ishike, toa vumbi, jaza kidogo kidogo, kila tabaka likauke. Piga msasa, paka praima pale ulipojaza, kisha paka rangi ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Ukigusia kiraka peke yake, kitaonekana tu, maana rangi ya zamani imeshapauka hata kama kopo ni lile lile.

Kuna jambo moja ambalo kwenye video hulioni kabisa: vumbi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na ukizisaga kwa msasa mkavu, watoto wanavuta. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kama hujui rangi ni ya lini, lowesha kwanza, vaa barakoa, watoto wakalale kwa bibi.

Najua mtasema namwaga mchanga kwenye pilau la watu. Hapana. Nyumba nyingi huku zinauzwa kiangazi, ukuta ukiwa mkavu na umepakwa rangi juzi juzi. Si kila muuzaji ni tapeli, mwingine anajua tu kwamba sisi wanunuzi tunapenda weupe. Kosa ni la kwetu tunaolipia mng'ao. Mimi ningependelea muuzaji aniachie ukuta na makovu yake, nipunguziwe bei, nijue ninachonunua. Ukikuta chumba kimoja tu kimepakwa rangi mpya na vingine vimechakaa, uliza hicho kimoja kilikuwa na nini.

Video itapigwa tu, bando lipo. Ila acha masika moja ipite kwanza. Ukuta ukitoka mkavu, pandisha picha, na mimi nitakuwa wa kwanza kuandika "hongera bosi". Au nyie mnaonaje, kipi kianze: fundi ujenzi au fundi rangi?