Waya wa Umeme Unashika Wapi kwenye Nyumba Yako?



Siku hizi nguzo za umeme zimefika vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Tangu hapo nguzo zimeingia katika vijiji vingi ambavyo zamani viliona taa za mjini kwa mbali tu. Mimi nafurahi. Darasa letu la jioni lilikuwa likisoma kwa taa ya chemli. Sasa tunasoma kwa balbu.

Lakini jambo moja linanisumbua. Watu wanauliza habari za balbu, redio, televisheni na pasi. Hawaulizi waya unaotoka kwenye nguzo utashika wapi kwenye nyumba. Wanasema, "Hiyo ni kazi ya fundi." Mimi sikubali. Nyumba ni yako na ukuta ni wako. Fundi akimaliza kazi anaondoka. Wewe na watoto mnabaki chini ya waya ule.

Waya ule una uzito, tena umekazwa. Unaivuta nyumba mchana na usiku. Upepo ukivuma, waya unayumba na kuvuta zaidi. Je, wewe unaweza kumfunga ng'ombe kwenye bua la mtama? Huwezi. Unamfunga kwenye mti imara. Hata hivyo nimeona nyumba ambazo waya umeshikizwa kwenye ubao wa mbele wa paa, ule mafundi wauitao fishabodi. Ubao huo umepigiliwa misumari miwili mitatu. Kazi yake ni kupendezesha paa. Mchwa wanaujua ubao huo kuliko fundi.

Mama mmoja wa darasa letu yalimpata. Wakati wa masika ubao wake uling'oka na waya ukalala juu ya bati. Kila upepo ulipovuma, waya ulisuguliwa na ncha ya bati, mpaka ngozi yake ikaisha. Asubuhi moja mama alinyoosha mkono kuweka sawa bati la kukingia maji. Umeme ukamtupa chini. Mumewe alikimbia ndani kuzima swichi kubwa. Akatoka akidhani hatari imekwisha. Haikuwa imekwisha. Bati bado lilikuwa na umeme. Jirani aliyejua kidogo mambo haya aliwazuia watu wasisogee mpaka watu wa umeme walipokuja kukata waya kwenye nguzo. Mama alipona, tunashukuru.

Hapo napenda usome polepole. Swichi kubwa ya nyumba iko baada ya mita. Waya wa nje uko kabla ya mita. Ukizima swichi, umezima ndani ya nyumba tu. Waya wa nje bado una umeme wa volti 230, na umeme huo unaua. Huna swichi yoyote ya kuuzima. Hata LUKU ikiisha na nyumba ikawa giza, waya wa nje haujalala.

Kwa hiyo chagua ukuta mapema. Ukuta wa matofali ya kuchoma au ya saruji unafaa. Chuma cha kushikia waya kipite ukutani na kukazwa kwa nati, kisiwe msumari uliopigwa kwenye plasta. Kama nyumba yako ni ya udongo, usijidanganye kwamba ukuta utavumilia. Waambie TANESCO mapema, mzungumzie kusimamisha mlingoti imara kando ya nyumba ili ubebe waya badala ya ukuta. Nyumba ndogo nayo ina haki ya taa.

Tazama pia njia ya waya. Usipite juu ya paa la jirani. Kama utavuka njia, kumbuka lori la mavuno lenye magunia, na watu waliokaa juu ya magunia. Kama upo mwembe, kumbuka watoto wenye upondo wa kuangulia maembe.

Halafu kuna maji ya mvua. Maji hufuata waya kama yanavyofuata kamba ya kuanikia nguo. Waya ukiingia ukutani kwa kuteremka, maji yataingia mpaka kwenye mita. Fundi mzuri huuacha waya uning'inie kidogo chini ya tundu, kisha aupandishe kuingia ndani. Maji yanadondoka pale chini. Ni jambo dogo, halina gharama. Nenda ukatazame nyumbani kwako.

Mimi si fundi umeme. Cheti changu ni cha elimu ya watu wazima. Basi sikwambii upande ngazi. Kushika waya wa nje ni kazi ya TANESCO. Nyaya za ndani zifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie akuonyeshe leseni, kisha uisome. Ulijifunza kusoma kwa ajili ya siku kama hiyo. Vishoka hawapendi mtu anayesoma. Wao watakwambia karatasi si lazima, toa fedha mkononi, kesho umeme unawaka. Ada ya kuunganishiwa katika miradi ya REA vijijini imekuwa shilingi 27,000. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na ofisi, na risiti uitunze. Hiyo ada haimlipi fundi wa nyaya za ndani. Huyo mnapatana naye mwenyewe.

Nyumba ikiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, kwa kawaida waya huvutwa bila kuongeza nguzo nyingine. Mita 30 ni kama hatua 40 za mtu mzima. Wiki iliyopita darasa letu lilitoka na madaftari kuhesabu hatua hizo. Kila mmoja alichora nguzo, njia, miti na ukuta anaoutaka. Mzee mmoja alirudi na picha ya mwembe mkubwa kuliko nyumba. Tulicheka sana. Alisema atapunguza matawi yake kabla mpimaji wa TANESCO hajafika.