Mikono ya Msusi na Hesabu Tusiyoihesabu

Mwezi Julai mji wa Sumbawanga huwa na baridi inayomfanya mgeni ajute kuliacha sweta nyumbani. Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa nikisubiri gari la kuteremka Muze, katika bonde la Rukwa. Gari lilichelewa kujaa. Karibu yangu mzee mmoja aliketi juu ya gunia akisuka tenga la mianzi. Nilimwamkia, nikauliza bei. Akasema shilingi 8,000. Kwa mazoea yetu ya sokoni nikataja 5,000. Hakukasirika. “Keti kwanza, mwanangu,” akasema, “gari lako bado.”

Nikaketi, nikaitazama mikono yake.

Mkono wa kushoto ulikishika kitako cha tenga. Wa kulia uliupitisha utepe wa mwanzi juu ya ufito mmoja, chini ya mwingine. Mara kwa mara alinyunyiza maji ili mwanzi usikatike. Kisha, kabla ya kupandisha ubavu, alizigusa fito zilizosimama moja baada ya nyingine, akachomeka moja zaidi. Nikamuuliza sababu. “Zikiwa mbilimbili,” akajibu, “halishikani.”

Alikuwa sahihi. Utepe mmoja unaozunguka fito zenye idadi shufwa, ukirejea ulikoanzia, hufuata njia ileile ya mzunguko uliopita, na hakuna kinachofungana. Idadi ikiwa witiri, kila mzunguko hupishana na uliotangulia, na tenga hujikaza lenyewe. Sisi tulifundishwa witiri na shufwa ubaoni, tukajibia mtihani. Yule mzee huzibeba vidoleni. Katika nchi jirani ya Msumbiji, mwanahisabati Paulus Gerdes alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba ndani ya ususi wa Kiafrika mna jiometri inayostahili kuingia darasani. Hapa kwetu, anayeimiliki jiometri hiyo tunamwita mtu asiye na ujuzi, kwa sababu hana cheti.

Atakayesema kwamba huo ndio mwendo wa maendeleo, na aikumbuke historia ya uwanda huu. Wafipa walifuma nguo za pamba, na waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu. Zikaja nguo na majembe ya viwandani kutoka ng’ambo. Kazi hizo zikafifia, na pamoja nazo ukaondoka ujuzi wa vizazi. Mafundi hawakupungukiwa akili. Walipungukiwa soko, na utawala wa kikoloni haukuwa na haja ya kulilinda. Leo utawala ni wetu. Kisingizio hicho hatunacho tena.

Nafasi tumezipata. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Ilikuwa siku ya msusi. Lakini pengo lile lilijazwa upesi na mifuko mingine ya kiwandani, na vikapu vikabaki pembeni mwa barabara. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mwema. Hata hivyo, mzee yule hamo katika kundi lolote kati ya hayo, na vijana wanaokopa hawaelekezwi kwake wakajifunze.

Lugha yenyewe inatusuta. Kihenge ni ghala la nafaka lililosukwa kwa fito. Serikali ilipojenga maghala marefu ya chuma ya kuhifadhia mahindi, pamoja na yale ya Sumbawanga, iliyaita vihenge vya kisasa. Tumelichukua neno la msusi, tukamwacha msusi mwenyewe.

Sidai kwamba mahindi ya taifa yarudi kwenye mianzi. Nadai mambo mawili madogo. Kwanza, sera mpya ya elimu imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na mkondo huo unahitaji walimu wa ufundi. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi upo. Uwafikie wasusi, kisha shule za Rukwa ziwaalike kufundisha, kwa malipo. Pili, ofisi za umma zinunue kwao. Wewe mtumishi unayesoma haya, tazama kapu la taka lililo chini ya meza yako, kisha ujiulize lilitoka wapi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mzee yule anacheza kwao, na alichotunzwa asubuhi ile ni mimi kumpunguzia shilingi 3,000. Nilimuuliza tenga moja humchukua muda gani. Akasema siku moja na nusu, ukiacha safari ya kuitafuta mianzi. Nilipiga hesabu, nikaona haya. Nililipa 8,000, na hilo si la kujisifu: ndiyo bei aliyoitaja. Kabla sijapanda gari niliuliza nani anajifunza kazi hii kwake.

“Wanapita,” alisema, bila kuinua macho. “Wote wanasubiri gari.”