Ami, msitie sahihi bado

Najua nimekaa kimya siku nyingi, zamu za usiku zinamaliza mtu. Nilitaka kuwaandikia juu ya baridi ya huku na bei ya unga wa ugali katika duka la Waafrika, lakini ami alinipigia simu Jumapili na tangu siku hiyo sina raha.

Habari yenyewe mnaijua kuliko mimi. Kuna tajiri anakitaka kile kiwanja chetu cha ukoo, nyuma ya shule, karibu na kisima, ajenge kiwanda cha kuyeyusha betri mbovu za magari apate madini ya risasi. Baraza limeitishwa, karatasi za sahihi zinazunguka, na ami yumo kwenye kamati. Akaniambia, "Vijana watapata kazi, na pesa za kiwanja tutagawana, wewe pia una fungu lako." Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Jibu langu ni hapana, na naliandika hapa wote mlisome, asije mtu akasema nimemnong'oneza mmoja.

Kliniki ninayofanya kazi hapa Ohio ni ya watoto. Watoto walio kwenye bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo lazima wapimwe risasi kwenye damu wakifika mwaka mmoja, na tena wakifika miaka miwili. Nyumba nyingi za huku ni za zamani, zilipakwa rangi yenye risasi kabla ya kupigwa marufuku mwaka 1978. Rangi inabanduka, mtoto anatambaa, anashika vumbi la dirishani, anatia mkono mdomoni. Mimi ndiye ninayemtoboa kidole. Ikipatikana mikrogramu 3.5 tu katika desilita moja ya damu, tunaanza kumfuatilia. Desilita ni kama nusu ya kikombe cha chai, na mikrogramu ni gramu moja uigawe mara milioni. Hakuna kiasi ambacho madaktari wanakiita salama.

Na jina lake limemfaa kweli, risasi, isipokuwa hii haina mlio. Mwili unaidhani ni kalsiamu, unaiweka kwenye mifupa, inakaa humo miaka na miaka, na mama akishika mimba inatoka mifupani inamfuata mtoto tumboni. Mtoto aliyeila mara nyingi haonekani mgonjwa. Anakula, anacheza, ila darasani hashiki kitu, hatulii, na mwalimu anasema ni mtukutu. Dawa ya kuitoa ipo, hutumiwa ikizidi sana, lakini haiurudishi ubongo ulioharibika. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa atapona lini?" Nilijifanya natafuta kalamu.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu na rangi zao. Owino Uhuru iko Mombasa hapo hapo, upande wa Mikindani, ni safari ya matatu tu. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda kama hicho anachotaka tajiri wenu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu wapatao 3,000. Kazi zilipatikana, hilo kweli. Mmoja wa walioajiriwa alikuwa Phyllis Omido, na mwanawe mdogo akaugua mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi akaanza kupiga kelele, akaandamana na majirani, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ikawapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaiondoa 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kinafunguliwa alikuwa na miaka 17 siku ile. Walishinda, nami nawavulia kofia, lakini ile risasi iliyoingia mifupani haijui kusoma hukumu.

Sasa watazameni ndugu zetu wa Lamu. Wao waliambiwa watajengewa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050, na leseni ya mazingira ikatolewa 2016. Wavuvi, akina mama, vijana na masheikh hawakungoja moshi. Walikata rufaa, na Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Taifa ikaifuta leseni, sababu mojawapo kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kampuni ikakata rufaa, ikashindwa tena Malindi Oktoba 2025. Hakuna tofali lililojengwa, hakuna mtoto wa kutobolewa kidole.

Hapo ndipo ninaposhikilia mimi: kelele zote zipigwe kabla ya ukuta. Na sheria iko upande wenu. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inasema anayekwenda mahakamani kutetea mazingira safi hana haja ya kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Leseni ikitolewa, mna siku 60 za kuipinga. Siku 60 si nyingi, zinapita kama za mfungo.

Najua kaka yangu atasema nini akisoma haya. "Wewe uko Marekani unalipwa dola, sisi tumekaa kijiweni, halafu unatuzibia riziki." Hilo linaniuma kwa sababu lina ukweli. Gari langu lina betri, na siku ikifa itayeyushwa mahali, karibu na mtoto wa mtu. Wala sichukii viwanda. Angekuja mtu na kiwanda cha maembe ningekuwa wa kwanza kutia sahihi, maembe yanaoza kila mwaka mnayatazama. Lakini kaka, wewe ndiye ungepewa ile kazi ya kupasua betri, na jioni ungerudi na shati lako la vumbi ukambeba Zuhura kabla hujaoga. Ndivyo inavyoingia nyumbani.

Basi ami, kwa heshima zako zote, naomba karatasi zisimame. Mwambieni huyo bwana alete ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, isomwe barazani kwa Kiswahili, yote, si ukurasa wa ajira peke yake. Aseme maji ya kuoshea betri yataelekea wapi na moshi utapita juu ya madarasa gani. Fungu langu la kiwanja mimi sitii sahihi, hata kama ni hilo tu linalobaki.

Jumamosi saa mbili usiku, saa za huko, nitapiga kwa WhatsApp. Kaeni pamoja, simu iwekwe spika. Na shangazi aitwe, msimwache jikoni, maana hicho kisima anayekwenda kila alfajiri ni yeye, si kamati.