Maganda ya machungwa: Faida iko kwenye kukausha, si kwenye lori

KAMPALA – Kila msimu malori ya machungwa hutoka Teso, mashariki mwa Uganda, kuja Kampala au kuvuka Busia na Malaba kuingia Kenya. Mwaka 2019 kilifunguliwa kiwanda cha matunda cha Soroti, kilichojengwa kwa msaada wa Korea Kusini, ili sehemu ya mzigo huo isindikwe huko huko. Sasa swali la kibiashara ni moja: maganda nayo yana soko?

Chungwa likikamuliwa, karibu nusu ya uzito wake hubaki kuwa maganda na makapi. Humo ndimo ilimo pektini, polisakaridi inayogandisha jamu na kutumika pia viwandani kutengeneza dawa. Ili kuipata, maganda huchemshwa katika maji yenye asidi, maji yakachujwa, kisha hutiwa alkoholi ili pektini ijitenge.

Watafiti, hasa wa China, wamepima polisakaridi za matunda ya jamii ya ndimu yanayotumika kama dawa za asili, wakaona zina nguvu ya antioksidanti. Hata hivyo, matokeo ya maabara si uthibitisho kwamba zinatibu binadamu. Mfanyabiashara asilipe bei ya dawa kwa mzigo wa maganda.

Tufanye hesabu. Katika tani 10 za maganda mabichi, takriban tani 8 ni maji. Yakikauka hubaki tani 2 hivi, na pektini ndani yake ni kati ya kilo 400 na 600. Anayepakia mabichi kutoka Soroti, takriban kilomita 300 hadi Kampala, anachoma dizeli kubeba maji. Zaidi ya hapo, maganda mabichi huanza kuoza baada ya siku moja au mbili, na pektini hupungua ubora.

Kuchuja pektini kunahitaji mtaji mkubwa wa nishati, pamoja na mitambo ya kurejesha alkoholi ili itumike tena. Hatua iliyo karibu na uwezo wa vyama vya wakulima ni kuosha na kukausha.

Forodhani bidhaa hizi ni mbili tofauti: maganda huingia namba 0814, pektini 1302.20. Maganda makavu pia huhitaji cheti cha afya ya mimea. Kabla ya kukodi lori, pata kwanza mnunuzi aliyetaja kwa maandishi kiwango cha unyevu anachokubali. Bila hivyo, mzigo unaweza kukataliwa ukiwa tayari umekula nauli.