Bastola ya raia: Usalama huanzia kwenye ala

MAGAIDI waliposhambulia jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi mnamo Septemba 21, 2013, na kuwaua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa wateja walionaswa ndani walikuwa raia wenye leseni za kumiliki bastola. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa.

Siku hiyo Wakenya wengi walitambua jambo ambalo hawakuwa wamelitafakari. Mtu mnayesimama naye kwenye foleni ya benki, au mnayeabudu naye, anaweza kuwa na bastola kiunoni nanyi msijue.

Hivyo ndivyo inavyostahili kuwa. Silaha ya raia inapoonekana huwatia watu hofu na kuzua mtafaruku. Isitoshe, humfichulia mwizi ni nani wa kuvamiwa kwanza na ni kipi cha kuporwa. Bastola iliyonuiwa kuwa ngao hugeuka chambo.

Tangu wakati huo, mjadala nchini umeelemea swali la nani apewe leseni. Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya. Hatua hiyo ilikuwa na mashiko, kwa kuwa katika sheria zetu kumiliki bunduki si haki ya kila raia bali ni idhini inayotolewa na inayoweza kufutwa.

Hata hivyo, kuna swali ambalo ni nadra kusikika: Je, huyo aliyeidhinishwa huibeba vipi silaha yake? Jibu limo katika kifaa ambacho wengi hukiona kama pambo tu, nacho ni ala, yaani mfuko maalumu wa kuchomekea bastola.

Marekani, ambako raia wengi hutembea na bastola zilizofichwa, imetoa mafunzo machungu kuhusu suala hili. Novemba 2008, Plaxico Burress, mchezaji nyota wa kandanda ya Marekani katika klabu ya New York Giants, aliingia kwenye ukumbi wa burudani akiwa ameisokomeza bastola kiunoni bila ala. Ilimponyoka ikateremka ndani ya suruali, na alipojaribu kuidaka akajifyatulia risasi pajani. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili aliichomoa bastola kwenye mkoba wa mamake wakiwa dukani na kumuua papo hapo. Mkoba huo ulikuwa na kijisehemu kilichoshonwa mahsusi kwa ajili ya silaha.

Naye ajenti wa FBI aliyekuwa akicheza densi katika klabu mjini Denver, Juni 2018, alipiga sarakasi na bastola ikamwanguka kutoka kiunoni. Alipoiokota ilifyatuka, risasi ikamjeruhi mtu mguuni. Mtu huyo alikuwa na mafunzo ya hali ya juu kuhusu silaha, lakini mafunzo hayo hayakuizuia bastola kuchomoka pale ilipowekwa.

Mikasa hiyo mitatu inatupa vigezo vya ala inayofaa. Kwanza, ni sharti ikifunike kikamilifu kifyatulio, yaani kile kijino kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke. Ala ya plastiki ngumu au ngozi nzito iliyofinyangwa kwa umbo la bastola hiyo hiyo hutimiza hilo. Ala ya kitambaa laini inaweza kubonyezwa na kitu kilicho nje, hata kile kijino kikaguswa.

Pili, iishikilie bastola mwenyewe akikimbia, akiinama au akianguka. Tatu, ikae mwilini mwake. Mkoba huwekwa chini, husahaulika kwenye teksi, hunyakuliwa na huchokorwa na watoto.

Ugumu unaanza pale mtu anapotaka kuificha bastola kabisa. Joto la Mombasa halimruhusu mwanabiashara kuvaa koti mchana kutwa, naye wakili wa Nairobi hawezi kuingia ofisini shati likining'inia nje. Hapo ndipo watu hutafuta ala za kuficha kwa kina: ile inayozama ndani ya suruali na kufunikwa kwa shati lililochomekwa, mshipi mpana unaovaliwa tumboni chini ya nguo, au ala ya kufunga juu ya kifundo cha mguu.

Kila moja ina gharama yake. Kadiri bastola inavyofichwa ndani zaidi, ndivyo inavyochelewa kutoka. Iliyo chini ya shati lililochomekwa huhitaji mikono miwili, mmoja wa kulipandisha shati na mwingine wa kuishika silaha. Iliyo mguuni humlazimu mwenyewe ainame au apige goti. Dereva aliyefunga mkanda wa gari na kuvamiwa na majambazi hana nafasi ya kufanya hayo yote, na kupapasa nguo mbele ya mtu aliyekwisha kukuelekezea bunduki ni kujitafutia kifo.

Kwa hivyo, mnunuzi asijitazame kwenye kioo akiwa amesimama wima tu. Avae mavazi yake ya kila siku, aketi, ainame kufunga viatu, arukuu na kusujudu au apige magoti kama afanyavyo katika ibada, na akumbatiane na jamaa yake. Iwapo bastola inajichora kwenye nguo, inamchoma ubavuni au inahama mahali pake, ala hiyo haimfai. Kifaa kinachomuumiza atakuwa akikirekebisha kila mara mbele ya watu, na mkono unaorudi kiunoni kila dakika hufichua siri kuliko shati linalobana.

Mazoezi nayo ni ya lazima. Aanze na bastola isiyo na risasi, baada ya kuikagua mara mbili, na amalizie katika kiwanja cha shabaha kilichoidhinishwa, chini ya mkufunzi. Ajifunze zaidi kuirejesha kuliko kuichomoa, kwa sababu ncha ya shati ikiingia kwenye kifyatulio wakati wa kuirudisha, risasi hutoka ikielekea pajani. Arudishe polepole, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Kama ala ni ya kujikunja, aivue kwanza, aiingize bastola, kisha aivae.

Hata ala bora haiondoi wajibu wa mwenyewe. Sheria ya Silaha inaharamisha kubeba bunduki ukiwa mlevi. Anayekwenda kustarehe kwa vinywaji aiache bastola nyumbani ikiwa imefungiwa kwenye kasha la chuma. Na anapofika kwenye lango lenye walinzi wa kupekua watu, amjulishe mlinzi kwa sauti ya chini na kuonyesha leseni yake kabla ya kuguswa, bila kuipapasa silaha.

Bodi ya kutoa leseni za silaha ingefanya vyema kumtaka kila mwombaji aje na ala atakayoitumia, aivae, aichomoe bastola tupu na kuirejesha mbele ya mkufunzi. Jaribio hilo halizidi dakika 10, ilhali lingefichua mengi ambayo fomu na alama za vidole haziwezi kufichua.

Serikali inapompa raia bastola, huwa imeamini akili yake na mkono wake. Lakini kwa saa nyingi za siku, bastola hiyo haimo mkononi mwake. Imo ndani ya ala, katikati ya umati wa watu ambao hawajui kwamba ipo, na usalama wao wategemea kipande hicho cha ngozi au plastiki alichokichagua mtu mmoja.