Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mzee na Dawa ya Kusafisha Tumbo

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma,

Kolonoskopi, kile kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, huweza kuharibika kabla mgonjwa hajafika hospitali. Choo kikibaki tumboni, uvimbe mdogo unaoweza kugeuka saratani hujificha chini yake, na mgonjwa huambiwa arudi siku nyingine: dawa upya, kuharisha upya, nauli upya.

Wanaopatwa zaidi ni wazee. Utumbo wao huenda polepole, hasa wenye kisukari, wanaopata choo kwa shida na wanaotumia dawa kali za maumivu. Kuwalaumu kwamba hawakufuata maelekezo ni kuwaonea.

Mwongozo wa wataalamu wa endoskopi wa Ulaya wa 2019 unataka dawa igawanywe: nusu jioni ya kuamkia kipimo, nusu nyingine ianzwe ndani ya saa tano kabla ya kipimo na imalizike angalau saa mbili kabla. Kwa mzee wa kupimwa saa 3 asubuhi, hiyo ni kuamka alfajiri. Kama ametoka mkoani na kulala gesti ambayo choo kiko nje, huku kizunguzungu cha kupoteza maji kimemshika, hapo ndipo anapoanguka na kuvunjika nyonga. Apangiwe mchana, au alazwe wodini usiku huo.

Wala hahitaji kushinda njaa siku nzima iliyotangulia. Wali mweupe, samaki na mayai vinafaa. Dona, maharage na mchicha visubiri. Mwenye kisukari apewe maelekezo yake ya insulini, maana sukari ikishuka ghafla ni hatari.

Dawa nazo si sawa. Desemba 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kwenye vidonge vya fosfeti ya sodiamu vya kusafishia tumbo, kwa kuwa viliharibu figo za baadhi ya wagonjwa. Wazee wamo katika kundi la hatari. Unga wa polietilini glaikoli ni salama zaidi kwao, ijapokuwa maji yake ni mengi kunywa.

Wizara itoe karatasi moja ya maelekezo kwa nchi nzima: Kiswahili, herufi kubwa, muda uandikwe kwa saa zetu. Muuguzi apige simu siku chache kabla, aongee na mzee na pia mtoto au mjukuu anayemhudumia, aulize dawa zote anazotumia. Hospitali za Muhimbili, Bugando, KCMC na Mbeya, zinazopokea wagonjwa kutoka mbali, zianze mwaka huu.