MIKONO YA VIJANA: Motokari inayopakwa rangi ndani



Wengi wenu mumekwisha kuziona, ku televizyo ao ku telefone ya ndugu: motokari ndogo za telekomande zinazoruka kilima cha muchanga, zinaanguka kichwa chini, zinaviringika, kisha zinasimama na kukimbia tena. Na rangi yake haitoki. Moto ubavuni, nyota, jina la mwenyewe kwa herufi kubwa, vyote viko sawa na siku ya kwanza. Kijana mumoja wa Likasi anauliza: «Ni rangi ya namna gani ile, yenye haikwaruziki?» Ulizo ni zuri. Jibu lake ni kwamba siyo nguvu ya rangi, ni pahali inapowekwa. Ile rangi haiko inje ya motokari. Iko ndani.

Tuanze na motokari yenyewe. Watoto wetu toka zamani wanatengeneza motokari za waya, na usukani murefu wa kusukuma wakiwa wima, na hiyo ni kazi ya akili, muzazi asiichekelee. Kule Japani, katika muji wa Shizuoka, kampuni Tamiya ilitoa motokari yake ya kwanza ya telekomande mwaka 1976. Ilikuwa mufano wa Porsche 934, imepunguzwa mara 12. Siku hizi nyingi zinapunguzwa mara 10, na upana wake unafika karibu milimetre 190, kupita kidogo upana wa kaye ya masomo.

Chini kuko moteri, batri na magurudumu. Juu kuko karoseri, na ile karoseri ni ngozi tu ya plastiki, nyembamba kama milimetre moja, inayoonyesha kama kioo. Plastiki hiyo inaitwa polikarbonate. Mwaka 1953 watu wawili waliivumbua, kila mumoja bila kujua kazi ya mwenzake: Hermann Schnell wa kampuni Bayer kule Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani. Wababa wanaofanya kazi ku mine ao ku usine wanaijua, hata kama hawajui jina lake. Miwani mingi ya kukinga macho na vipande vya mawe ni polikarbonate. Ukiipiga inapinda, haipasuki kama kioo. Kwa kufanya karoseri, wanaipasha moto, kisha hewa inaivuta juu ya mufano mpaka inashika sura ya motokari.

Kama wangepaka rangi inje, muchanga ungeikwangua siku ya kwanza. Ndiyo sababu wanapaka ndani. Mawe yanakwaruza plastiki, na rangi imelala salama nyuma yake, sawa picha ya harusi nyuma ya kioo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kazi yote inageuka.

Mutu anayepaka mulango anaanza na rangi kubwa ya chini, kisha anaweka mapambo juu. Hapa ni kinyume. Ile unayoweka ya kwanza ndiyo macho ya watu yatakutana nayo; ile ya mwisho inabaki nyuma ya zote. Tuseme unataka motokari ya buluu, na ndimi za moto za manjano, na mustari mweusi mwembamba unaozunguka moto. Fundi wa mulango angeanza na buluu na kumaliza na mustari mweusi. Wewe unaanza na mustari mweusi. Kisha buluu. Kisha manjano. Na mwisho unapaka nyeupe nyuma ya vyote.

Kwa nini buluu mbele ya manjano? Kwa sababu manjano ni rangi nyepesi, inapitisha mwangaza. Ukiitanguliza, kisha buluu ikaingia nyuma yake, ile buluu itaonekana kupitia ndani, na moto wako utakuwa wa kijani chafu. Lakini manjano ikiingia nyuma ya buluu, hakuna atakayeiona. Basi sheria ya mafundi ni hii: rangi nzito mbele, rangi nyepesi nyuma. Na ile nyeupe ya mwisho, hata kama hakuna mutu atakayeiona, ndiyo inayofanya manjano ing'ae. Bila nyeupe, manjano inakunywa giza ya ndani na kuonekana kama chai ya maziwa.

Herufi nazo zinageuka. Unaandika ndani, watu wanasoma inje. Ni lazima uandike kama inavyoonekana ku kioo. Jina MAMA ni rahisi, maana herufi M na A hazina kushoto wala kuume: unaandika AMAM, na inje wanasoma MAMA. Jaribu ILUNGA, utaona namna L, N na G zitakavyokuchokoza.

Ginsi gani basi kutenga buluu na manjano, kusudi zisichanganyike? Kwanza wanaosha karoseri na maji ya vuguvugu na sabuni ya sahani, kwa sababu mafuta ya usine na mafuta ya vidole yanakataza rangi kushika. Madirisha yanafunikwa. Kisha wanapaka ndani maji ya mpira, tabaka kadiri, mpaka yanakauka na kuwa ngozi. Inje ya karoseri kuko karatasi nyembamba ya plastiki ya kuikinga. Juu ya ile wanachora picha, na kwa kuwa kila kitu kinaonyesha, wanaiona toka ndani. Wanafuata mistari na wembe mudogo na kukata ule mpira tu. Wembe ukigusa polikarbonate, hata kidogo, umekwisha kuonyesha karoseri pahali pa kupasukia. Wanabandua kipande kimoja, wanapaka, inakauka, wanabandua kingine.

Fundi mwenye akili anageuza karoseri na kuitazama toka inje mbele ya kila rangi mupya. Mukungu wa buluu ukipenya chini ya mpira, unaweza kuupangusa ungali peke yake. Ukikwisha kufunikwa na manjano na nyeupe, umechelewa.

Chombo chenyewe kinaitwa aerografe. Ni pistole ndogo, unaishika kama kalamu. Mwaka 1876 Francis Edgar Stanley wa Marekani alipata hati ya serikali kwa chombo cha kupulizia rangi. Nyuma, yeye na pacha wake walijulikana zaidi kwa motokari zao za kuendeshwa na mvuke. Katika aerografe za leo kuko sindano iliyokaa katika tundu dogo, kati ya milimetre 0.2 na 0.5. Ukikandamiza kifungo, hewa inapita. Ukikivuta nyuma, sindano inarudi na rangi inatoka. Kidole kimoja kinafanya kazi mbili, na kujifunza hiyo peke yake kunaomba siku nyingi. Tabaka ni nyembamba, tena nyembamba. Mwenye haraka anaweka nzito, inatiririka.

Na rangi siyo yoyote. Ile ya motokari kubwa inakauka ngumu. Karoseri ikipinda, inabanduka kama maganda. Asetoni na dawa nyingine za kuyeyusha rangi zinauma polikarbonate, inakuwa nyeupe na kupasuka vidogo-vidogo. Kuko rangi za kazi hii, zingine za kuchanganya na maji.

Hapa niseme jambo moja kwa ajili yetu wa miji ya shaba. Buluu nyingi na kijani nyingi za rangi za leo zinatoka katika kitu kinachoitwa fitalosianini, na katikati ya kila chembe yake kumekaa shaba. Waya zilizozungushwa ndani ya moteri ni shaba. Batri za litiyumu za motokari nyingi hizi ziko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika inchi yetu. Sisemi kama ile ya motokari fulani ilichimbwa Kolwezi; hakuna anayeandika hiyo ku karto. Lakini mutoto anayefikiri kwamba kitu kile ni cha mbali kabisa na yeye, ajue kwamba kuko njia inayofika karibu na lupango lwao.

Sasa tuseme juu ya mapafu, na hapa ninaomba wazazi wasome pamoja na vijana.

Rangi ya kupulizia haiishii pahali unapoielekeza. Sehemu yake inabaki hewani, ndogo kupita vumbi, na unaivuta. Ile ya kuchanganya na maji ina hatari kidogo, lakini hata hiyo siyo hewa ya kupumua. Ile yenye dawa ya kuyeyusha inaumiza kichwa, inaleta kizunguzungu, na mvuke wake unashika moto. Nyumba nyingi zetu mama anapika bukari ku mbabula karibu na mulango. Usipake pale! Paka inje, mbali na makala, upepo ukupige mugongoni na upeleke mukungu mbali na wewe, na watoto wadogo wasisimame kukuangalia. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Kinachosaidia ni maski yenye vichungi vya makaa, na vichungi vyenyewe vinabadilishwa.

Lakini zaidi ya motokari za kuchezea, ninafikiri juu ya wale vijana wetu wanaojifunza kupaka motokari kubwa ku magarage ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Rangi nyingi na verni nyingi za pale ni za mikebe miwili: unachanganya rangi na dawa ya kuigandisha. Katika dawa ile kuko izosianate. Ni moja ya sababu kubwa za ugonjwa wa asma kwa watu wa kazi hiyo, dunia nzima. Haionekani, na inabaki hewani hata kisha pistole kunyamaza. Ubaya wake ni huu: mwili unaweza kuivumilia miezi ao miaka, kisha siku moja unaikataa, na toka siku ile hata harufu kidogo inatosha kukufunga kifua. Kijana wa namna hiyo ni lazima aache kazi aliyojifunza.

Angalia dalili. Kikohozi cha mangaribi kisha kazi. Kifua kinachobana na kupiga filimbi. Kuamuka usiku kwa kukosa pumzi. Na hasa hii: siku za kupumzika unajisikia vizuri, ukirudi kazini inaanza tena. Ukiona hivyo, nenda ku lupitali, na umwambie munganga waziwazi kazi unayofanya, maana asipojua atakupa dawa ya mafua tu na kukurudisha kulekule. Na wewe baba mwenye garage, mutoto wa mwenzako aliyewekwa mikononi mwako kujifunza kazi, umununulie maski mbele ya kumununulia pistole. Wale wanaosimama karibu bila kupaka nao waondoke.

Kijana ataniuliza kama kazi ya karoseri ndogo inaleta mukate. Kule Marekani na Ulaya kuko watu wanaoishi kwayo: wenye kushindana wanawatumia karoseri nyeupe kabisa, isiyo na rangi, nao wanairudisha na michoro. Wengine wanapenda vichwa vya wafu na mashetani. Mimi sioni uzuri wake, lakini mukono uliochora ni hodari, siwezi kuukatalia. Kwetu soko la motokari hizo ni dogo sana, na simwambii muzazi yeyote auze mbuzi kwa kununua aerografe. Lakini akili ya kupanga rangi kinyume, hiyo haina bei. Na siyo ya Wajapani peke yao: kule Senegali wachoraji wa Dakar, kama Gora Mbengue aliyejulikana sana, walipaka nyuma ya kioo namna hiyohiyo, mistari kwanza, rangi kubwa kisha.

Basi jaribu bila mashine. Tafuta chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha, ikate kwa urefu, ikunjue, ioshe na sabuni na usiiguse tena na vidole katikati. Inje ubandike karatasi nyembamba yenye jina lako, herufi zikitazama inje, kusudi uzione ndani zikiwa zimegeuka. Ndani, kwa burushi ndogo, fuata herufi zile na rangi nyeusi. Acha ikauke. Jaza katikati yake na nyekundu, uingoje tena. Mwisho funika vyote na nyeupe. Bandua karatasi, geuza, mupe dada yako asome. Akisoma jina lako vizuri, umefaulu. Akicheka, chupa ziko nyingi.